Saboso Isiishie London

Mwaka 2012 kampuni ya Sterns ya London ilitoa albamu ya Western Jazz, bendi iliyokuwa na makao yake hapa Dar es Salaam. Iliitwa Songs of Happiness, Poison & Ululation, yaani nyimbo za furaha, sumu na vigelegele. Hapa nyumbani ilipita kimya kimya. Twasema kimya hicho hakikuistahili. Wafanyakazi vijana wengi hawajapata kulisikia gitaa la saboso hata mara moja, ingawa babu zao walilichezea katika kumbi za mji huu huu.

Western Jazz iliundwa mwaka 1959 na Bwana Iddi Nhende, mtu wa Nzega, naye akaipa jina la Jimbo la Magharibi alikotoka. Mtindo wao waliuita saboso, neno lililochumwa katika Kihispania, sabroso, lenye maana ya kitu kitamu. Siku zile kila bendi ilikuwa na mtindo wake kama fundi cherehani alivyo na mkato wake: NUTA Jazz ilikuwa na msondo, Atomic ya Tanga kiweka, Morogoro Jazz sululu. Wala neno Jazz lisimpotoshe mtu. Bendi hizi hazikupiga muziki wa New Orleans. Chimbuko lake lilikuwa Cuba.

Tangu miaka ya 1930 kampuni ya HMV iliuza Afrika santuri za Kikuba zilizotambulikana kwa herufi GV. Vijana wetu walizisikiliza kwenye gramafoni za kuzungusha kwa mkono, wasifahamu hata neno moja la Kihispania, wakazifuata kwa vidole vyao mpaka gitaa likakubali. Salum Abdallah wa Morogoro alivutiwa nazo hata bendi yake akaiita Cuban Marimba. Santuri hizo hizo zilikuwa zimeifika Kongo pia, na rumba iliyotoka huko ikaja kwetu kwa njia ya redio. Cuba basi ilitufikia kwa milango miwili.

Lakini kuiga ni jambo moja, na kukifanya kitu kiwe chako ni jambo jingine. Anayeisikiliza albamu hii asianze na mwimbaji. Aanze na gitaa la ridhimu. Hilo hurudia mkato ule ule mfupi bila kuchoka, kama mtu atwangaye, na besi huacha nafasi pale ambapo mguu wa mchezaji watakiwa kutua. Gitaa la solo huja juu yao kwa sauti nyembamba, likimjibu mwimbaji kila anapovuta pumzi. Sehemu ya kwanza ya wimbo huenda polepole, maana kuna habari ya kuelezwa. Kisha huja chemko: maneno hupungua, magitaa na saksafoni hupokezana, na hapo ndipo Cuba na uwanja wa ngoma wa kwetu hukutana pasipo kugombana. Wazee wanaoikumbuka Western ya miaka ya 1960 humtaja kwanza Rashid Hanzuruni, mpiga solo. Nyimbo za albamu hii ni za miaka ya 1970, na waliozipiga walikuta kipimo kimekwisha kuwekwa.

Kwa nini basi tuipate kutoka London? Jibu lake ni la kiuchumi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Redio Tanzania ilizirekodi bendi kwenye kanda kwa ajili ya matangazo, lakini bendi iliyotaka santuri ya kuuza ilipanda gari kwenda Nairobi. Western Jazz nayo ilifanya hivyo. Mwenye mashine akabaki na kanda, na mpigaji akarudi na nauli yake. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 hata mlango huo ukafungwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba dansi la zamani ni mambo ya wazee, na kwamba kijana wa Kariakoo ana muziki wake. Kweli anao. Lakini aende Mtaa wa Msimbazi leo: spika atazipata za kila ukubwa, na nyimbo za dunia nzima za kutia katika simu. Kuipata Western Jazz, pamoja na habari za walioipiga, kutamtoa jasho. Hilo halitokani na chaguo lake.

Kampuni ya London hatuilaumu. Imefanya kazi iliyopasa kufanywa Dar es Salaam. Kanda za Redio Tanzania zimo mikononi mwa TBC. Zitolewe hapa, ziuzwe hapa, na vyama vya wafanyakazi viwe wanunuzi wa kwanza, maana ni chama cha wafanyakazi, NUTA, kilichoanzisha mwaka 1964 bendi ambayo wanamuziki wake walilipwa mshahara kila mwezi. Sheria ya hakimiliki tunayo. Na atakayezitoa aandike juu ya jalada majina ya wapigaji wote, wa besi na wa tumba pia, ili siku ya malipo ijulikane ni watoto wa nani wa kuitwa.