Vihisi vya kupima mafuriko vipo, kinachokosekana ni mwenye kuvitunza

MAFURIKO ya Machi hadi Mei 2024 yaliua takriban watu 300 humu nchini na kuziacha maelfu ya familia bila makao. Katika eneo la Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru, makumi ya watu walisombwa usiku wa kuamkia Aprili 29 baada ya maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli kufumka ghafla. Wengi wa waathiriwa walikuwa wamelala, wasijue kwamba maji yalikuwa yakijaa juu ya makazi yao.

Tangu wakati huo, wito wa kuwapo kwa mfumo wa kutoa tahadhari mapema umekuwa ukisikika kila mvua inapokaribia. Kila anayetoa wito huo hutaja teknolojia, kana kwamba teknolojia ndiyo iliyokosekana. Ukweli ni kwamba kifaa cha kupima kina cha maji na kupeleka habari bila waya si anasa ya mataifa tajiri tena. Kigumu ni kukifanya kifaa hicho kiendelee kufanya kazi mwaka wa pili na wa tatu, na kuhakikisha kwamba kuna mtu anayekisikiliza.

Kifaa chenyewe ni bodi ndogo ya kielektroniki inayotoshea kiganjani. Ndani yake mna chipu inayofanya kazi ya tarakilishi, redio ya kurusha habari, na mahali pa kuunganisha kihisi. Kihisi kinachofaa mtoni hufungwa chini ya daraja kikiangalia maji. Hutoa mlio usiosikika na binadamu, kikapima muda ambao mwangwi umechukua kurudi, na hivyo kutambua umbali hadi kwenye maji. Umbali ukipungua, mto umepanda.

Wazo hili lina zaidi ya miaka 20. Mwaka wa 2002, watafiti kutoka Berkeley, Marekani, waliweka vifaa 32 vya aina hiyo katika kisiwa cha Great Duck, jimbo la Maine, ili kuchunguza viota vya ndege wa baharini bila kuwasumbua. Januari 2004 ilikuwa zamu ya Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwavisha pundamilia wa Laikipia kola zenye vifaa vya kutambua walipo na paneli ndogo za kawi ya jua. Kwa kuwa hakukuwa na mtandao wa simu wa kutegemewa nyikani, kola zilipokezana habari kutoka kwa pundamilia mmoja hadi mwingine, mpaka mtafiti alipopita karibu na kuzichukua.

Funzo la Great Duck halikuhusu ndege pekee. Unyevu uliingia katika baadhi ya vifaa na kuviharibu kabla ya wakati. Yaani, kilichofanya kazi vizuri mezani kilishindwa na umande. Yeyote anayetaka kufunga kihisi kando ya Mto Nzoia au Mto Tana hana budi kulikumbuka hilo.

Kuanzisha bodi kama hiyo hakuhitaji mtambo mkubwa. Mwanafunzi huiunganisha na tarakilishi kwa waya wa USB, akapakia programu kwenye chipu, kisha akaijaribu mezani huku akitazama vipimo vikijitokeza kwenye skrini. Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo huwaponza wanaoanza. La kwanza ni antena. Redio ikirusha mawimbi bila antena kufungwa, sehemu ya nguvu hiyo hurudi ndani na yaweza kuiharibu. La pili ni masafa. Bodi zinazoundwa kwa ajili ya soko la Marekani hutumia masafa ya kati ya megahazi 902 na 928, ambayo hapa kwetu yanagongana na yale yanayotumiwa na kampuni za simu. Zinazotufaa ni zile za megahazi 868, kama za Ulaya. Afisa wa ununuzi asiyejua tofauti hiyo anaweza kuagiza shehena nzima isiyofaa.

Jambo la tatu, ambalo ndilo kiini cha matumizi ya vifaa hivi, ni kawi. Kando ya mto hakuna umeme, kwa hivyo bodi hutegemea betri. Chukua mfano wa betri yenye uwezo wa miliampea-saa 2,500. Bodi inayokesha ikitumia miliampea 20 wakati wote itaimaliza kwa muda wa siku tano hivi. Lakini programu ikiiamuru ilale na kuamka kwa sekunde mbili tu kila baada ya dakika 15, ikatumia miliampea 40 wakati huo na karibu sufuri ikiwa usingizini, hesabu inaonyesha kwamba betri iyo hiyo itadumu zaidi ya miaka miwili. Bodi ni ile ile, betri ni ile ile. Kilichobadilika ni amri ya kulala.

Hapo ndipo teknolojia inapogeuka kuwa suala la sera. Dakika 15 zinatosha kwa mto mkubwa kama Nzoia, ambao maji yake hutoka milima ya mbali na kuchukua muda mrefu kufika Budalang'i. Haziwatoshi wanaoishi chini ya korongo lenye mteremko mkali, ambako maji hupanda kwa dakika chache. Ukiamua kifaa kiamke kila dakika moja, betri ya miaka miwili itakwisha kwa chini ya miezi mitatu, isipokuwa uongeze paneli ya jua. Paneli nayo huvutia wezi. Mwenye kuamua mambo hayo si mtengenezaji wa bodi aliye ng'ambo. Ni lazima awe mtu anayeufahamu mto na wanaoishi kando yake.

Kwa bahati nzuri, ujuzi huo haukosekani nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, Nyeri, wameunda kifaa cha bei nafuu cha kupima kina cha mito kinachotumia teknolojia ya redio ya LoRa, ambayo hupeleka habari chache kwa umbali wa kilomita kadhaa kwa kawi kidogo mno. Mwaka wa 2023 walichapisha maelezo ya jinsi ya kukiunda, ili wengine waige. Nao mradi wa TAHMO, wenye ndoto ya kuwa na vituo 20,000 vya hali ya hewa kote barani Afrika, umeweka vituo vyake vingi shuleni, mahali palipo na ua, mlinzi na walimu wa kuvitazama. Waanzilishi wake walitambua mapema kwamba kifaa kisicho na jirani hakidumu.

Swali ni je, nani atakuwa jirani wa kihisi kilichofungwa kwenye daraja la mashambani? Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 imeigawa kazi ya kukabiliana na majanga kati ya serikali kuu na serikali za kaunti. Mito iko chini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Utabiri wa mvua ni wa Idara ya Hali ya Hewa. Madaraja na matuta yana wenyewe wengine. Kifaa kimoja kinaweza kuwa na wakubwa watano na kisiwe na mtumishi hata mmoja.

Isitoshe, bajeti zetu hupenda uzinduzi kuliko ukarabati. Fedha za kununua hupatikana, mara nyingi kutoka kwa wafadhili, na picha hupigwa. Fedha za kubadilisha betri, kufuta matope kwenye kihisi na kulipia kituo cha kupokelea habari hazina anayezipigania. Mfadhili akiondoka, kifaa hunyamaza. Kifaa kilichonyamaza ni hatari kuliko kutokuwapo kwake, kwa sababu wanaokitegemea hudhani kwamba ukimya wake ni usalama.

Hakuna anayeweza kudai kwamba bodi moja ingezuia mkasa wa Mai Mahiu. Lakini maji hayajikusanyi nyuma ya tuta bila kupanda, na kupanda kwa maji ndiko kunakopimika. Kwa hivyo, kabla ya kaunti yoyote kununua vihisi, iandike majina matatu kwa kila mahali kitakapofungwa: jina la atakayekikagua kila mwezi, la atakayepokea habari zake saa nane usiku, na la mwenye mamlaka ya kuamuru watu wahame usiku huo huo. Vyuo vya kiufundi vilivyo katika maeneobunge vinaweza kupewa kazi ya ukaguzi, vijana wakajifunza huku wakilipwa. Kifaa kinyamazapo kwa saa moja, ukimya huo nao uhesabiwe kuwa ni habari.

Wahenga walinena kwamba kuambizana kuko, kusikilizana hapana. Mto unaweza sasa kutuambia unapopanda, tena kwa gharama ndogo. Itakuwa aibu iwapo utasema, na upande wa pili asiwepo wa kusikia.