Mifupa ya Tendaguru na Maneno ya Barazani

Mgogoni, kama ilivyo popote Pemba, habari za dinosaria zimeingia kwa filamu na kwa simu, na kila zikitajwa barazani hutoka madai yaleyale. Mengine yana chembe ya ukweli, mengine hayana hata hiyo. Yanafaa yajibiwe moja moja, maana watoto huyasikia kabla hawajakutana nayo kwenye kitabu cha skuli. Tena majibu yenyewe hayako mbali. Yako Lindi, yako Songwe, na moja limo ndani ya bahari inayotutenga na Tanga.

"Dinosaria ni mambo ya sinema za Wamarekani."

Mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani ina kimo cha mita 13.27. Imo kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, lakini haikuchimbwa Ulaya wala Marekani. Imetoka Tendaguru, kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mnyama huyo anaitwa Giraffatitan, mla majani mwenye shingo ndefu aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Pamoja naye walitoka Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus na wengine. Na si Tendaguru tu. Songwe wametoka Shingopana, aliyetangazwa 2017, na Mnyamawamtuka, aliyetangazwa 2019, ambaye mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Wanasayansi waliwapa majina ya Kiswahili kwa kuwa hapa ndipo kwao.

"Basi ni kazi ya Wazungu, sisi hatumo."

Dai hili ndilo linaloniuma zaidi, na ndilo nitakalokaa nalo kidogo.

Ni kweli kwamba mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alitoa taarifa ya mifupa mikubwa iliyokuwa ikijitokeza juu ya ardhi Tendaguru, na kwamba kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ilituma msafara ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini nani alishika jembe? Misimu mingine vibarua walifikia mia tano, wengi wao wakiwa wamekuja na wake na watoto wao. Vita vya Majimaji vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na njaa iliyofuata ilikuwa imewaacha watu wa kusini taabani. Watu waliotoka kwenye maafa hayo ndio waliochimba mashimo, wakasafisha mifupa, wakaipanga na kuifunga.

Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Hakuwa mbeba mizigo wa kawaida. Alijua kuutenga mfupa na udongo bila kuuvunja, na aliwafundisha wenzake. Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 umekwishageuka jiwe, lakini ni jiwe lenye nyufa, likitikiswa vibaya linamwagika vipande. Kwa hiyo waliuzungushia vipande vya mianzi na udongo, wakaukaza kwa kamba mpaka ukawa tita moja gumu, kisha ndipo ulipobebwa. Mizigo hiyo ilikwenda Lindi kwa vichwa na mabega ya watu, mwendo wa siku kadhaa, na bandarini ikapakiwa melini. Msafara ulipofungwa, zaidi ya tani 200 zilikuwa zimevuka bahari. Baadhi ya matita hayo ya mianzi yamehifadhiwa Berlin hadi leo.

Mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti. Heshima hiyo ilichelewa karibu karne nzima, lakini imeandikwa na haifutiki. Kitabu cha skuli kinachomtaja Janensch bila kumtaja Boheti kinasema nusu ya habari. Na mjadala wa kama mifupa ile irudi nyumbani au ibaki Berlin ni mjadala wetu halali, kwa sababu jasho lililoitoa ardhini ni la watu wa pwani hii.

"Mifupa ya makumbusho ni ya plasta."

Hapa pana ukweli nusu. Kwenye kiunzi cha Giraffatitan kule Berlin baadhi ya sehemu ni za kutengenezwa. Pingili za uti wa mgongo, kwa mfano, ni nakala, kwa sababu zile za asili ni nzito mno na dhaifu mno kutundikwa juu. Pia kiunzi kimejengwa kwa mifupa ya wanyama kadhaa wa aina moja. Makumbusho yenyewe haifichi hilo. Lakini miguu unayoiona ni mifupa halisi ya Tendaguru, na pingili za asili zimehifadhiwa. Nakala kama hizo hutengenezwa pale ambapo cha asili kipo na kinaogopewa kuvunjika.

"Waliishi pamoja na watu, ndiyo maana kuna hadithi za mazimwi."

Tupige hesabu kwa miguu. Chukulia kila hatua moja ni miaka elfu, na anza kurudi nyuma kutoka mlangoni kwako Mgogoni. Binadamu wa sura yetu wana miaka kama 300,000, hivyo hatua 300 zinawatosha, na bado hujatoka mtaani. Nyayo za Laetoli, zile za viumbe waliotembea wima kabla yetu, zina miaka milioni 3.66, na utazifikia baada ya hatua 3,660. Dinosaria wa mwisho wakubwa utawakuta baada ya hatua 66,000, yaani umetembea zaidi ya kilomita arubaini, sehemu kubwa ya urefu wa kisiwa chetu. Wale wa Tendaguru wako hatua 150,000, na kisiwa kimekwisha zamani. Hakuna hata mahali pamoja duniani ambapo mfupa wa mtu umekutwa kwenye tabaka moja na mfupa wa dinosaria hao.

"Hiyo miaka wanabuni tu."

Wengi wanaosema hivi wamesikia kwamba kaboni haiwezi kupima miaka milioni, na wamesikia sawasawa. Kipimo cha kaboni hukomea kwenye miaka 50,000 hivi. Ila hakuna anayekitumia kwa dinosaria. Kinachopimwa ni miamba iliyotokana na volkano, ambamo yurani hugeuka risasi kwa mwendo usiobadilika. Nusu yake huchukua karibu miaka bilioni 4.5 kugeuka. Tendaguru kuna ushahidi mwingine ambao mtu wa pwani ataufahamu upesi. Tabaka zenye mifupa zimepishana na tabaka zenye makombe na viumbe wengine wa baharini. Bahari ilipanda na kurudi mara kwa mara, na viumbe hao wanajulikana umri wao kwa kulinganishwa na wenzao wa nchi nyingine. Na pale miamba ya volkano inapokutwa pamoja na viumbe kama hao, ushahidi huo na ule wa miamba unakubaliana.

"Tukichimba Pemba tutawakuta."

Kwa jembe la kisima, hapana. Miamba iliyo juu ya ardhi ya Pemba ni michanga, na hata ile mikongwe haifikii nusu ya umri wa kutoweka kwa dinosaria. Lile jiwe la ufukweni ambalo watoto huliita mfupa, lichukue ulitazame kwa karibu. Utaona vitundu vidogo vyenye mistari ya nyota ndani yake, na pengine kombe limekwama katikati. Hilo ni tumbawe lililogeuka mwamba. Na mfupa mkubwa mweupe unaotupwa na mawimbi, mara nyingi ni wa nyangumi.

Anayetaka wanyama wa kale wa visiwani aende Unguja, pango la Kuumbi karibu na Jambiani, ambako Profesa Felix Chami alichimba mwaka 2005. Humo imekutwa mifupa ya pundamilia na nyati. Wanyama hao walifika kwa miguu, kwa sababu enzi ya barafu bahari ilishuka kama mita 120 na Unguja ikaungana na bara. Pemba haikuungana. Mkondo wetu una kina cha zaidi ya mita 700, na maji hayakwisha.

"Kila mnyama mkubwa wa kale ni dinosaria."

Sivyo. Simbakubwa kutokaafrika wa Kenya, aliyetangazwa 2019 kutokana na mataya yaliyokuwa yamewekwa kwenye droo ya makumbusho ya Nairobi, alikuwa mnyonyeshaji wa miaka kama milioni 22 iliyopita, na hata simba hakuwa, bali wa ukoo mwingine uliokwisha. Watambaazi waliokuwa na mbawa nao walikuwa ukoo wa pembeni. Mamba vilevile. Na nyangumi wa buluu, anayeishi leo, anamzidi uzito dinosaria yeyote anayejulikana.

"Wote walikufa, hakuna kilichobaki."

Kimondo chenye upana wa kilomita kumi hivi kiliipiga Mexico miaka milioni 66 iliyopita na kuacha shimo la Chicxulub. Vumbi na moshi vikaziba jua, mimea ikafa, na waliokula mimea wakafuata. Lakini si wote waliokwisha.

Ukichinja kuku, utazame mguu wake kabla ya kuutupa. Una magamba, vidole vitatu mbele na kucha. Kisha fungua kidari, utaukuta mfupa mwembamba wenye umbo la panda. Mfupa huohuo walikuwa nao dinosaria wala nyama waliotembea kwa miguu miwili, na China zimepatikana alama za dinosaria wenye manyoya. Ndege wametokana na ukoo huo. Kwa wanasayansi, kuku ni dinosaria, na wanasema hivyo kwa maana kamili.

Yupo na mwingine aliyepona, ingawa yeye ni samaki. Silikanti alidhaniwa ametoweka wakati mmoja na dinosaria, mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga walianza kuwakuta kwenye majarife yaliyotegwa kina kirefu, na ndani ya miaka michache walipatikana zaidi ya ishirini. Mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki huyu mwenye mapezi yanayofanana na viguu anaishi ng'ambo ya mkondo uleule tunaouvua sisi.

Hapo wengine huruka na kusema, kama silikanti yupo, basi na yule dinosaria anayesemwa yumo kwenye vinamasi vya Kongo yupo. Silikanti amejificha gizani chini ya maji, na bado nyavu zimemtoa. Huyo wa Kongo ametafutwa mara nyingi, na haujaletwa hata mfupa mmoja.

"Kusoma haya ni kupingana na dini."

Nimeliweka mwisho kwa kuwa wanaolisema wanalisema kwa uchungu wa kweli, na wanastahili jibu la heshima. Qurani, katika sura ya Al-Ankabut, inawaamrisha watu watembee ardhini watazame uumbaji ulivyoanza. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, aliandika kwamba majangwa ya Uarabuni yaliwahi kuwa bahari, na hoja yake ilikuwa makombe yanayokutwa watu wanapochimba visima. Al-Khoud, karibu na Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa, imekutwa mifupa ya dinosaria. Hakuna aliyetoka katika dini kwa kuitazama.

Kwa hiyo mwalimu anayefundisha somo hili Pemba aanze na Tendaguru na Boheti bin Amrani, aache filamu mpaka baadaye. Mchimba kisima akikutana na jiwe lenye umbo la mfupa asilivunje. Alipige picha, aandike alipolikuta, awaarifu watu wa mambo ya kale. Na mvuvi wetu akimtoa silikanti, akiwa hai amrudishe majini. Akiwa amekufa, asimkate. Amweke kwenye barafu mzima mzima, akumbuke kina alichotega, na apige simu kwa maofisa wa uvuvi siku hiyohiyo.