Magongo Yaliyo Chini ya Kitanda

Mwezi huu tunaongea juu ya magongo.

Wengi wetu tunakumbuka Januari 2018, mitumbwi ikitoka upande wa Fizi na kutua Rumonge. Walikuwemo walioumia miguu. Wakafungwa plasta, wakaazimwa magongo, kisha wakapandishwa gari kwenda kambini, wengine hadi Nyankanda upande wa Ruyigi. Mguu ukapona. Lakini gongo la kuazimwa Rumonge utalirudishaje, na nauli peke yake ni unga wa watoto? Basi likaenda chini ya kitanda, au mama akategemezea mlango.

Na huku mtoto aliyeanguka kwenye mti juzi hana la kutembelea. Anabebwa mgongoni mpaka chooni, darasani hafiki. Sisi walimu tunaona nafasi yake tupu, na magongo yapo nyumba tatu tu kutoka kwao!

Kwa nini hayarudi? Tuliuliza. Si wizi, jamani. Wengine wanaogopa kulipishwa kwa sababu mpira wa chini umeisha. Wengine walidhani wamepewa moja kwa moja, maana waliambiwa kwa Kifaransa. Na kuna nyumba ambako mgonjwa alifariki. Nani ana nguvu ya kubeba magongo ya marehemu barabarani, watu wakitazama? Hapo tunaomba jirani apite kuyachukua jioni, kimya kimya.

Tazameni chupa ya Fanta au ya Primus pale sokoni Rumonge. Haikai nyumbani, kwa sababu muuzaji yeyote anajua kuipokea na hana maneno mengi. Magongo nayo yapokelewe karibu: kituo cha afya, shuleni, kwa kiongozi wa mtaa, na hasa siku ya kugawa chakula, kwani siku hiyo kila familia inakuja mikono mitupu. Ila dhamana ya pesa kama ya chupa hatuitaki, asiye nayo ataruka kwa mguu mmoja. Na kushika kadi ya chakula ya mgonjwa ni vibaya zaidi, huko ni kushika sahani ya watoto.

Hata yaliyovunjika leteni, mabovu mawili huweza kutoa moja zima. Yaosheni kwa sabuni, yakauke. Anayepokea aangalie mpira, ukiisha gongo linateleza kwenye maji. Anayeazimwa apimwe upya: kati ya kwapa na gongo vipite vidole viwili au vitatu, uzito ukae mikononi. Ukikaa kwapani, mkono unakufa ganzi.

Mguu wa bandia, kama ile inayotengenezwa CNAR kule Gitega, hatuuombi. Umepimwa kwa mtu mmoja. Na anayeishi kwenye kiti cha magurudumu asisumbuliwe, kiti ni miguu yake.

Shuleni tunapokea Ijumaa baada ya masomo. Tunaandika gongo na urefu wake tu, jina la aliyeleta hatuliandiki. Mtoto pia anaweza kutumwa.