Majeruhi apewe muda, goti halijui tarehe ya dabi

Kila dabi ya Kariakoo inapokaribia, swali la vijiweni huwa moja: "Jamaa amepona?" Akionekana tu anakimbia pembeni ya uwanja, mashabiki tunampanga kikosi cha kwanza. Asipocheza, tunasema anadeka au kocha hampendi.

Tuambiane ukweli: kukimbia siyo kupona.

Mchezaji aliyechanika kano ya mbele ya goti hufanyiwa upasuaji kwa saa chache tu. Fiziotherapia inayofuata ndiyo huchukua miezi. Wiki za mwanzo ni za kupunguza uvimbe, kulinyoosha goti na kurudisha nguvu za paja. Baadaye huja baiskeli, kisha kukimbia kwa kunyooka. Kuruka, kugeuka ghafla na kugombea mpira na wenzake ni mwishoni kabisa, mguu ulioumia ukishakaribia nguvu za ule mzima. Katikati ya safari goti linaweza kuvimba tena na mchezaji akarudishwa hatua nyuma. Hilo ni jambo la kawaida, hajarogwa mtu.

Wataalamu wengi hushauri asirudi kwenye mechi kabla ya miezi tisa, kwa kuwa anayewahi yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuumia tena.

Virgil van Dijk wa Liverpool aliumia goti Oktoba 2020 dhidi ya Everton. Michuano ya Euro ya Juni 2021 ilipokaribia, nahodha huyo wa Uholanzi aliamua kutokwenda ili amalize programu yake. Agosti akarudi Ligi Kuu, na msimu huo Liverpool ikabeba Kombe la FA na Kombe la Ligi.

Huku kwetu, mchezaji anachomwa sindano ya maumivu ili amalize dakika 90. Sindano inazima maumivu, haiungi kano. Mchangani nako, kijana anakandwa maji ya moto uvimbe ukiwa bado mbichi, Jumapili yuko uwanjani kwenye ndondo. Vipaji vingapi vimeishia hapo?

Klabu ziache kuwatangazia mashabiki tarehe ya majeruhi kurudi. Ziajiri fizio mwenye sifa, zimsikilize hata akisema "bado", na zigharamie matibabu mpaka mwisho. Nasi mashabiki tupunguze presha. Dabi zipo kila msimu, lakini goti likichanika mara ya pili, huenda tusimwone tena uwanjani.