Giza la Ngazini Halina Sababu

Majuzi jirani yangu mmoja alijikwaa ngazini usiku akiwa na mtoto mgongoni. Bahati njema mtoto hakuumia, lakini mama mtu aliteguka mguu. Kisa na maana? Katika jumba letu la kupanga, taa za ngazini huzimwa saa tatu usiku. Mwenye nyumba hulalamika kwamba stima ni ghali.

Wasomaji wapendwa, hebu tupige hesabu pamoja naye. Balbu ya zamani ya wati 60, ile yenye uzi mwembamba ndani, ikiwaka saa 12 kila usiku hula karibu uniti 22 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwangaza unaokaribiana na huo. Ukiweka nne, moja kwa kila ghorofa, ziwake usiku kucha, zitakula uniti 13 hivi. Yaani ghorofa nne zinapata mwanga kwa stima isiyofika ya balbu moja ya zamani!

Siri ni nini? Balbu ya zamani huchoma uzi mpaka ung'ae, na sehemu kubwa ya umeme hupotea bure kwa joto. Ndiyo sababu ukiigusa inakuunguza. LED haina uzi. Kijipande kidogo ndani yake hugeuza umeme kuwa mwanga moja kwa moja. Taa nyeupe za aina hii zilichelewa kwa sababu mwanga wa buluu ulikuwa mgumu kupatikana. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura waliofaulu walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Na nyumbani je? Anza na chumba ambamo watoto husomea. Dukani usitazame wati peke yake. Soma lumeni kwenye pakiti, kwani lumeni 800 hivi ni sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Balbu isiyo na maandishi yoyote, hata ikiuzwa bei ya kutupa, iogope. Rahisi ni ghali.

Mkutano wa wapangaji ukiitwa, nenda na hesabu hii kwenye karatasi. Umwonyeshe mwenye nyumba kwa heshima. Akikataa bado, basi tatizo lake si stima.