Nyumba, rezo na Mungu: mifano isiyobeba uzito inaowekewa

Katika makanisa mengi ya Uvira, Bukavu na Goma, muhubiri akitaka kuwanyamazisha wenye mashaka huchukua mfano wa nyumba. Nyumba haikujijenga, ilijengwa na fundi. Basi ulimwengu nao una Fundi wake. Watu wanaitika amina na mazungumzo yanaishia hapo, wakati ndipo yangepaswa kuanza.

Kila mkaaji wa Kivu anajua kwamba nyumba ina fundi kwa sababu amewaona mafundi. Ameona udongo ukichimbwa, matofali yakichomwa, mabati yakipigiliwa misumari. Akikuta nyumba tupu katikati ya pori, atasema kuna aliyeijenga, kwani ameona nyingine nyingi zikijengwa. Lakini ni nani aliyewahi kuona ulimwengu ukijengwa? Upo huu mmoja tu. David Hume, mwanafalsafa wa Scotland, alilieleza jambo hilo katika kitabu kilichotoka mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake. Mwaka 1802 William Paley, padri wa Kianglikana, akaleta tena hoja ileile kwa mfano wa saa iliyookotwa njiani, na hadi leo wahubiri wanairudilia saa hiyo kana kwamba hakuna aliyeijibu.

Tena mfano huo ukifuatwa hadi mwisho unamwaibisha anayeutumia. Fundi hakuumba udongo, aliukuta. Nyumba moja hujengwa na mafundi wengi, na fundi anaweza kufa nyumba ikabaki imesimama. Mchungaji gani atakubali Mungu wa namna hiyo?

Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yalibomoa Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Nyumba ikianguka na kuua watu, mtaa mzima unauliza nani aliijenga na alitia simenti kiasi gani. Kwa hesabu ya wahubiri wenyewe, swali hilo lingekwenda kwa Fundi. Lakini hapo mfano unawekwa kando haraka, na watu wanaambiwa mambo ya Mungu hayapimwi kwa akili ya binadamu. Kama hayapimwi, kwa nini yalipimwa kwa tofali Jumapili iliyopita? Paley alisema saa mbovu nayo ina aliyeitengeneza. Sawa. Ila saa mbovu haithibitishi kwamba aliyeitengeneza ni mwema, na anayehubiriwa ni Mungu mwema.

Mfano wa rezo ni mbaya zaidi, maana unaumiza watu. Rezo haionekani, wanasema, lakini unapiga simu Uvira na mtu anaitika Kalemie. Ndivyo Mungu alivyo. Hapana. Rezo inajaribiwa. Asiyeiamini akipiga, simu inaita vilevile. Antena inaonekana pale mlimani, na ikikosa umeme mtaa mzima unakosa rezo pamoja, mlevi na shemasi. Hakuna anayeambiwa ana dhambi.

Kanisani ni kinyume. Maombi yasipojibiwa, simu ya muombaji ndiyo mbovu: imani yake ni ndogo, au kuna mtu nyumbani anayezuia baraka. Mtu huyo, ajabu, mara nyingi ni bibi mzee au mtoto asiye na wa kumtetea. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumsingizia mtoto uchawi, lakini watoto bado wanafukuzwa makwao kwa maneno yanayotoka madhabahuni.

Wala si wapinga dini peke yao wanaoona udhaifu huu. John Henry Newman, kardinali Mwingereza aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, aliandika kwamba kwake imani katika Mungu ilitangulia, na kuuona mpango katika viumbe kukafuata. Hakuijenga imani yake juu ya saa wala nyumba.

Vijana wa Congo wanaomaliza sekondari wanasoma filozofia. Wanajua mfano ni kitu kimoja na ushuhuda ni kitu kingine. Mmoja wao akisimama kanisani kuuliza ni wapi ulimwengu wa pili umeonekana ili ulinganishwe na huu, anaambiwa ana roho ya ubishi, kisha kwaya inaanzishwa. Swali lake linabaki pale pale.