Mfumo wa hisa usiojaribiwa ni deni la mwananchi

Katika mijadala yetu kuhusu soko la hisa, macho ya wengi huelekezwa kwenye bei. Tunauliza kampuni gani imepanda, ipi imeshuka, na nani ametajirika. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza jambo la msingi zaidi: baada ya muuzaji na mnunuzi kukubaliana, ni nani anayehakikisha kwamba hisa zimehamia kwa mnunuzi na fedha zimemfikia muuzaji? Kazi hiyo ya nyuma ya pazia, inayoanza pale kelele za biashara zinapotulia, ndiyo inayobeba akiba za watu. Siku hizi hufanywa na mitambo ya kompyuta. Hoja yangu leo ni kwamba mitambo hiyo haistahili kuaminiwa kwa sababu ni mipya au imegharimu fedha nyingi. Inastahili kuaminiwa iwapo tu imejaribiwa kikamilifu, na waliojaribu wametuonyesha matokeo.

Msomaji atauliza mwalimu wa isimu ana lipi la kusema katika mambo ya mitaji. Analo. Kwanza, walimu ni miongoni mwa Wakenya waliojinyima na kununua hisa kwa mishahara yao. Pili, kasoro nyingi za mitambo huzaliwa katika sentensi, kabla programu yoyote haijaandikwa. Nitalirudia hilo baadaye.

Yafaa kwanza tukumbushane tulikotoka. Soko la Hisa la Nairobi liliundwa mwaka 1954 kama chama cha hiari cha madalali. Kwa miongo mingi, umiliki wa hisa ulithibitishwa kwa hati ya karatasi. Hati ilitoka kwa muuzaji ikaenda kwa dalali, kisha kwa msajili wa kampuni, na safari hiyo ilichukua muda. Hati ziliweza kupotea, kuchanika au kughushiwa. Bunge lilipitisha sheria ya hifadhi kuu ya hisa mwaka 2000, na mnamo Novemba 2004 shirika la CDSC likaanza kazi ya kutunza hisa kwa njia ya kompyuta. Septemba 2006 biashara yenyewe ikahama kutoka kupaaza sauti ukumbini hadi kwenye mtambo. Mwaka 2011 muda wa kukamilisha biashara ulipunguzwa ukawa siku tatu za kazi.

Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, na waliyoyatenda wanastahili pongezi. Hata hivyo, mwaka 2008 mitambo hiyo ilikumbana na mtihani ambao haukuwa na marudio. Serikali iliuza robo ya kampuni ya Safaricom: hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja. Waliotuma maombi walizidi 800,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kumiliki hisa maishani. Kila mmoja alihitaji akaunti, fomu yake isomwe, jina lilinganishwe, mgao ukokotolewe na salio lirejeshwe. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni mwaka huo, lakini wengi walilalamika kwamba fedha zao zilichelewa kurudishwa. Baadhi yao walikuwa wamekopa, na riba haikungoja.

Ninaandika haya nikiwa Kihoto, mtaa wa Naivasha ulio kando ya ziwa. Mkazi wa hapa hahitaji kufafanuliwa maana ya kupima mzigo. Katika miaka ya ukame ardhi ya ufuoni ilionekana kuwa kavu na salama. Nyumba zikajengwa, shule na makanisa yakasimama. Mwaka 2020 ziwa likaingia mtaani, na mwaka 2025 likarudi kwa nguvu zaidi, watu wakahamishwa kwa mashua. Ardhi ile ilikuwa imepimwa wakati wa kiangazi pekee. Mtambo wa fedha unaojaribiwa kwa biashara ya siku ya kawaida hauna tofauti na nyumba hiyo. Mjaribu makini huuliza mambo yatakuwaje siku maombi yatakapoongezeka mara kumi, tena umeme ukatike adhuhuri.

Je, majaribio hayo hufanywaje? Walimu watayaelewa upesi, kwa kuwa yanafanana na kazi yao. Kwanza, kila kipande cha programu hujaribiwa peke yake, kama zoezi la darasani. Kisha vipande huunganishwa na kujaribiwa pamoja, kwa sababu mtambo wa hisa huzungumza na mitambo ya madalali, ya benki, ya wasajili na ya Benki Kuu. Hufuata jaribio la mzigo. Halafu kuna jaribio la kurudia yale ya zamani kila badiliko jipya linapoingizwa, ili kuona kama aliyeziba tundu moja hakutoboa jingine. Mwishoni huja mazoezi kamili: mtambo mpya huendeshwa sambamba na wa zamani, na kila jioni hesabu za pande zote mbili hulinganishwa hadi hisa ya mwisho. Zikitofautiana hata kwa hisa moja, kazi haijakamilika.

Zaidi ya hayo ipo kanuni moja ambayo walimu wanaijua mno: mtahini asiwe yule aliyefundisha. Katika mtihani wa kidato cha nne mwalimu hatungi maswali ya darasa lake wala hasahihishi karatasi zake. Hatumdhanii kuwa mwizi. Tunajua tu kwamba mtu huona vigumu kuziona dosari za kazi yake mwenyewe. Vivyo hivyo, kampuni iliyouza mtambo isiachiwe kutoa cheti cha ubora wa mtambo huo.

Sasa nirudi kwenye sentensi. Chukua kanuni inayoonekana nyepesi: biashara ikamilike katika siku tatu za kazi. Siku ya kazi ni ipi? Hisa zilizouzwa Jumanne tarehe 7 Mei 2024 zingekamilika Ijumaa tarehe 10. Lakini tarehe 8 serikali ilitangaza kwamba Ijumaa hiyo ingekuwa sikukuu ya kuwakumbuka waliokufa kwa mafuriko na kupanda miti. Kwa hesabu ya siku za kazi, siku ya tatu ikahamia Jumatatu tarehe 13. Sikukuu ya Idi nayo hungoja mwezi uandame. Mtambo uliobuniwa katika nchi ambako kalenda hupangwa mwaka mzima mapema hauna budi kujaribiwa kwa desturi zetu za kutangaza likizo leo na kupumzika kesho kutwa.

Aidha, tazama maneno usiku wa Jumatano. Kwa hesabu ya kale ya Waswahili, siku huanza jua linapotua, kwa hiyo usiku wa Jumatano hutangulia mchana wake. Kwa kompyuta, siku hugeuka saa sita usiku. Tangazo likisema huduma zitafungwa usiku wa Jumatano, wasomaji wawili wenye akili timamu wanaweza kuelewa nyakati mbili tofauti. Na majina je? Alama ya ritifaa katika majina kama Ng'ang'a na Nyong'o huchukuliwa na lugha nyingi za kompyuta kuwa ishara ya mwisho wa maandishi. Mtu aliyeandikwa Nganga benki na Ng'ang'a kwa dalali anaweza kuonekana kuwa watu wawili. Mwenzangu mmoja kazini, ambaye jina lake lina alama hiyo, alizungushwa kwa wiki kadhaa kati ya kaunta mbili kwa sababu hiyo tu, mgao wake ukiwa umekwama. Kasoro ya namna hii ingegunduliwa kwa dakika chache iwapo orodha ya majaribio ingeandikwa na mtu anayeyajua majina ya Wakenya.

Historia ya wenzetu inathibitisha kwamba tatizo hili halina ukubwa wala udogo wa taifa. Soko la hisa la London lilihangaika kwa miaka na mradi wa kuondoa hati za karatasi ulioitwa Taurus. Kila kundi lilidai mtambo uzingatie desturi zake, mradi ukavimba mpaka haukuweza kujaribiwa kwa ukamilifu. Machi 1993 ulifutwa, na mkuu wa soko hilo, Peter Rawlins, akajiuzulu. Benki Kuu ya Uingereza ikachukua jukumu hilo, ikabuni mtambo mdogo zaidi ulioitwa Crest, nao ukaanza kazi mwaka 1996.

Mtu angedhani somo lilikwisha kusomwa. La. Mwaka 2017 soko la hisa la Australia lilitangaza kwamba lingebadilisha mtambo wake wa Chess, unaotumika tangu 1994, kwa teknolojia mpya iliyosifiwa dunia nzima. Tarehe za kuanza ziliahirishwa mara kwa mara. Novemba 2022 kazi ilisimamishwa, na takriban dola milioni 250 za nchi hiyo zikafutwa vitabuni. Wakati huohuo mtambo mkongwe uliendelea kuzeeka, na tarehe 20 Desemba 2024 ukashindwa kukamilisha malipo ya siku hiyo. Ukiharakisha bila kujaribu utaumia, na ukichelewa mno kujenga utaumia vilevile.

Wapo watakaosema kwamba majaribio ni ghali, na kwamba nchi maskini haiwezi kungoja miaka ili mtambo ukamilike. Hoja hii haipaswi kupuuzwa. Lakini Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliweka programu mpya kwenye kompyuta zake, moja katika nane ikasahaulika. Katika muda wa dakika 45 ilipoteza zaidi ya dola milioni 400, na kabla mwaka mwingine haujaisha ilikuwa imemezwa na kampuni nyingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa fedha za wawekezaji.

Wengine watasema kuwa tatizo la Kenya si mitambo bali uaminifu. Watataja kampuni ya udalali ya Nyaga, iliyowekwa chini ya usimamizi mwezi Machi 2008 baada ya wateja kugundua kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao. Wanasema kweli, ila wanaishia njiani. Kompyuta ilitii amri ya dalali kwa sababu ilibuniwa imwamini dalali. Hisa ziliondoka katika akaunti kwa utaratibu uliokuwa sahihi kabisa kwa mashine, huku mwenye mali akiwa hana habari. Jaribio la kweli humweka mwizi miongoni mwa watumiaji, kisha huuliza ni kengele gani italia. Kwa mwekezaji mdogo tofauti hiyo ni kubwa, kwani hazina ya fidia ilimlipa kila mteja kiasi kisichozidi shilingi 50,000, hata kama alipoteza akiba ya miaka ishirini.

Swali hili ni la leo. Tangu Julai 2023 Benki Kuu ya Kenya inatumia mtambo uitwao DhowCSD, ambao humwezesha mwananchi kununua hati za dhamana za serikali kwa simu yake. Jina lenyewe lina undugu na dau letu la pwani. Ni jambo la kufurahisha kwamba mwalimu wa kijijini anaweza kuikopesha serikali bila kupanda matatu hadi Nairobi. Lakini kadiri mlango unavyopanuliwa ndivyo wanaoingia wanavyokuwa wengi, na ndivyo kosa moja linavyowagusa wengi. Nahodha mwenye busara hulikagua dau likiwa pwani, maana tundu likigunduliwa katikati ya bahari abiria ndio hukomba maji.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Mosi, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji idai kwamba kila mtambo mkubwa ujaribiwe na watu wasio na uhusiano na aliyeuuza, na muhtasari wa matokeo utangazwe. Pili, walimu, wakulima na wachuuzi wahusishwe katika majaribio kabla ya siku ya uzinduzi, kwa majina yao halisi na simu zao za bei nafuu. Tatu, siku ya uzinduzi iamuliwe na matokeo ya majaribio, wala isiamuliwe na ratiba ya mgeni wa heshima atakayekata utepe. Nne, maelezo yote ya akaunti na taarifa za makosa yatolewe kwa Kiswahili pia. Katiba ya 2010 imekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi. Mteja asiyeelewa taarifa ya akaunti yake hawezi kugundua kwamba ameibiwa.

Wanafunzi nao wana nafasi hapa. Wengi wanaosomea kompyuta hutamani kuunda programu, na wachache hutamani kuijaribu, kana kwamba kujaribu ni kazi ya mtu aliyeshindwa. Ukweli ni kwamba kazi hiyo inahitaji akili yenye shaka, ujuzi wa hesabu na sikio kali la lugha. Vyuo vyetu vifundishe kazi hii kwa heshima inayostahili, na idara za lugha zisikae kando.

Neno Kihoto katika lugha ya Gikuyu lina maana ya haki, na pia hoja yenye nguvu inayomshinda mbishani. Lugha hiyo imeyaweka mawili hayo katika neno moja, nami naona imefanya vyema. Anayetutaka tuziweke akiba zetu katika mtambo wake ana wajibu wa kutupa hoja, nayo ni matokeo ya majaribio. Asiyeweza kuitoa hajatutendea haki, na sisi tuna ruhusa ya kumnyima akiba zetu hadi atakapoitoa.